Daraja Lililokuwa Likiitika

Vijana wa kitengo cha madaraja mmeniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi, kabla sijasahau. Nimekubali, maana tangu nistaafu sina shughuli kubwa zaidi ya kugombana na kuku wa jirani hapa Mpemba. Habari za vyeo na ngazi za mshahara sitaziandika. Ziko kwenye faili langu, na faili langu, kama ninavyoijua ofisi yetu, limeshapotea mara mbili. Nitaandika juu ya nyundo, juu ya mzee aliyenifundisha kuitumia, na juu ya siku niliyosema njia iko salama na mtu mmoja akaniamini. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Hizo nyingine mngeweza kuzipata kwa mtu yeyote.

Niliingia kazini nikiwa binti wa Itaka mwenye cheti cha ufundi sanifu ndani ya mfuko wa nailoni. Bosi wa siku hizo alinitazama, akatazama cheti, akauliza kama nimekuja kwa nafasi ya kuchapa barua. Nikamwambia nimekuja kwa nafasi ya madaraja. Akanikabidhi kwa Mzee Simkoko, nadhani akitarajia kwamba mzee atanirudisha kabla ya chakula cha mchana.

Mzee Simkoko ndiye aliyekuwa mkaguzi wa madaraja kwa miaka mingi. Mrefu, mkimya, koti la mvua la njano majira yote. Hakuniuliza jina. Alinipakia kwenye gari, tukapanda milima ya kwenda Itumba, ukungu umetanda, na tulipofika kwenye kalavati moja alinipa nyundo ndogo.

"Gonga," akasema.

"Wapi, Mzee?"

"Popote. Halafu nyamaza."

Nikagonga mpaka mchana, nikiwa nimejikunja kwenye maji ya baridi. Zege zima hutoa sauti fupi, kavu. Zege lililoachana kwa ndani, ambalo kwa macho huoni hata ufa, hutoa sauti ya chini na ya uvivu, kama mlango wa nyumba ambayo wenyewe wamehama. Siku zilizofuata alinifunga kitambaa machoni na kunitaka nitafute kwa sikio sehemu mbovu alizozizungushia chaki. Kati ya tisa nilipata mbili.

"Macho yako yamesoma sana, mwanangu," akaniambia. "Masikio bado yako darasa la kwanza."

Ndivyo alivyokuwa. Sifa yake kubwa kuliko zote, ambayo niliipata labda mara tatu katika maisha yangu, ilikuwa kutikisa kichwa kidogo na kusema, "Sawa, twende." Tumetembea naye mkoa mzima. Nimemwona akisimamisha malori yaliyojaa shaba kwa mkono mmoja kwa sababu mpira mmoja wa kubebea daraja ulikuwa umehama upana wa vidole viwili. Dereva mmoja, mtu wa ng'ambo ya mpaka, akashuka na salamu nyingi za "mulishani" na tabasamu, akidhani tunataka chochote. Mzee akamwonyesha mpira. Dereva akatazama, akarudi kwenye lori, akalala. Walilala hapo siku mbili na hakuna aliyelalamika, kwa sababu Mzee aliposema kitu ni kibovu, kilikuwa kibovu.

Sasa nije kwenye daraja la Chizumbi.

Chizumbi iko chini kabisa, bondeni Momba, kwenye joto, ambako watu hulima mpunga na ufuta na wafugaji waliohamia hunywesha ng'ombe wao. Zamani palikuwa na kivuko cha miguu. Watu walivuka kwa kushikana mikono, maji kiunoni, na upande wetu huwezi kuona mto unakotoka kwa sababu ya kona. Wa ng'ambo ndio wanaoona nyuma ya kona. Kwa hiyo kulikuwa na utaratibu. Anayetaka kuvuka husimama ukingoni na kuita, "Hooo," kwa kuvuta. Mtu wa ng'ambo hutazama mto juu, na kama hakuna maji mapya yanayokuja huitika, "Hooo." Hapo unavuka. Usipoitikiwa, unakaa chini, hata kama una mgonjwa. Na kuitika ovyo lilikuwa kosa kubwa, maana aliyeitika ndiye aliyesema vuka, na likitokea la kutokea linamhusu yeye. Utaratibu ulifuatwa kutoka pande zote mbili, na wa ng'ambo nao, ingawa waliona wenyewe, walipokuja kwetu waliita wakangoja, maana hakuna aliyeruhusiwa kujiitikia.

Kisha daraja likajengwa, la kisasa, vipande vitatu juu ya nguzo mbili, kuunganisha wilaya na wilaya. Barabara ya lami pande zote. Hakuna tena wa kuloa. Mimi na Mzee tulitumwa kulikagua lilipomaliza mwaka wake wa kwanza, na ilikuwa saa sita mchana, jua la kuchoma, hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Dereva wetu akasimamisha gari kabla ya kuingia darajani. Mzee Simkoko akashuka, akasimama mwanzo wa kingo, akaita.

"Hooo."

Nilitaka kucheka. Nikangoja mwangwi, kwa sababu mwangwi nilisoma darasani na najua unavyofanya kazi. Haukuja. Mto ulipita chini, kimya. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia turudi kwenye gari, ndipo ikaja sauti kutoka mbele, ya chini kuliko ya Mzee, ya taratibu, kama ya mtu aliyetazama kwanza.

"Hooo."

"Sawa, twende," Mzee akasema.

Ng'ambo kulikuwa na banda la chai la Mama Salome, mama mnene mcheshi aliyezaliwa pale pale kivukoni. Nikamwuliza kama ni yeye aliyetuitikia.

"Mimi?" Akageuza mandazi kwenye mafuta. "Mimi nimeshikwa na karai hapa. Siku hizi hatuitiki, dada fundi. Linaitika lenyewe."

Alilisema hilo kama mtu anayekuambia basi hupita saa ngapi. Nikakaa pale nikinywa chai na kuwatazama watu. Kila mmoja alisimama, akaita, akangoja, akaitikiwa, akavuka. Wanawake wenye magunia kichwani, bodaboda, mwalimu na begi lake. Baadaye lilikuja kundi la ng'ombe la mfugaji ambaye hakuwahi kukijua kile kivuko. Ng'ombe wakasimama wenyewe kwenye mwanzo wa kingo, wote, bila kupigwa. Mchungaji wao hakuita. Wakaitikiwa hivyo hivyo, na wakatembea.

Niliona baridi mgongoni katika joto lile, na nilipoiona nikakasirika. Mimi ni mtu wa kukasirika ninapoogopa. Mlionifanyia kazi mnalijua hilo.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta sababu. Kila ukaguzi nilikuwa natambaa chini ya daraja lile muda mrefu kuliko yote mengine. Mzee hakunisaidia wala hakunikataza. Yeye kwenye daftari lake dogo, mbali na fomu ya ofisi, aliandika neno moja tu kila tulipokwenda: "Limeitika." Nilimtania kwamba atakuja kuandika pia kama limekunywa chai.

Siku moja, asubuhi, nikiwa peke yangu chini ya kipande cha katikati, niligonga mara tatu. Sauti fupi, kavu, zege zima. Kutoka kwenye nguzo ya pili nikasikia ikigongwa mara tatu. Nikasema huo ni mwangwi. Nikagonga tena mara tatu. Ikagongwa mara nne. Niliitazama ile nguzo kwa muda. Hapakuwa na mtu, na maji yaliizunguka pande zote. Nikapanda juu, nikajaza fomu, nikaandika hali ni nzuri. Sikumwambia Mzee. Nyundo niliifunga kwenye kitambaa njia nzima, sijui kwa nini.

Mzee Simkoko alipostaafu alihamia ng'ambo ya Chizumbi, kwenye shamba la mpunga la mke wake, dakika chache kutoka kwenye banda la Mama Salome. Mimi nikabaki na mkoa wote, na baada ya muda ikaja barua. Madereva wa malori walikuwa wanalalamika kwamba watu wanasimama katikati ya barabara Chizumbi wakipiga kelele, na kuna siku watagongwa. Ofisi ikataka upuuzi ule ukomeshwe kitaalamu. Hilo neno "kitaalamu" nililipenda.

Nami nilikuwa nimeshapata sababu, au nilidhani hivyo. Katika ukuta wa mwisho wa daraja, upande wa ng'ambo, mafundi wa ujenzi waliacha matundu mawili makubwa ya kutolea maji, yakiingia ndani kabisa kwenye kifusi. Sauti inaingia tundu la kwanza, inazunguka ndani, inatoka tundu la pili imechelewa na imezama. Yalikuwa maelezo mazuri. Hayakueleza ng'ombe, wala lile pigo la nne kwenye nguzo, lakini ripoti haina sehemu ya kujaza ng'ombe. Nikaenda na mafundi wawili, tukatoboa vitundu vidogo vya maji pembeni, tukaziba yale makubwa kwa zege.

Daraja likanyamaza.

Siku iliyofuata watu walikusanyika pande zote mbili, wamekaa chini na mizigo yao. Waliita na hawakuitikiwa, basi hawakuvuka. Nikasimama juu ya gari na kipaza sauti, nikawaeleza habari za matundu. Nikawaambia sauti ile ilikuwa hewa tu, na mimi mwenyewe nimeifunga, na daraja ni zima, nimeligonga kila mahali. Niliongea vizuri sana. Nakumbuka nilivyojisikia, na ninaona aibu kuandika, nilijisikia kama mtu aliyewaondolea watu ugonjwa. Kwanza walivuka vijana, halafu wengine. Msimu wa pili hakuna aliyekuwa anaita tena.

Hakuna, isipokuwa Mzee Simkoko. Yeye kila alipotaka kuja upande wetu alisimama na kuita, na kwa kuwa daraja halikuitika, alingoja mpaka mtu wa upande wa pili amwitikie. Mwendesha bodaboda, mwanamke anayepita, yeyote. Nilimkuta siku moja amekaa kwenye banda la Mama Salome tangu asubuhi kwa sababu hakuna aliyemjibu.

"Mzee, njia si hiyo mbele yako? Lami."

"Ulichokiziba kilikuwa kinatazama mto," akasema. "Sasa nani anatazama?"

"Mimi ndiye natazama. Ndiyo kazi uliyonifundisha."

"Basi na iwe wewe," akasema. "Siku nikiita na wewe uko, uniitikie wewe. Wengine hawa wananijibu huku wanachezea simu."

Nikamwahidi. Wala sikuiona ahadi ile kuwa nzito.

Mvua za mwaka ule ziliteremka milimani wiki nzima bila kupumzika. Nilishuka Chizumbi kwa sababu mto ulikuwa umepanda, na sheria yetu mnaijua: kwenye nguzo kuna alama nyekundu, maji yakiigusa unafunga daraja, yasipoigusa unaliacha wazi. Siku ya kwanza niligonga palipogongeka. Kote sauti fupi, kavu. Chini ya maji, kwenye miguu ya nguzo, hakuna nyundo inayofika wakati wa mafuriko. Hilo ndilo jambo nililolijua kwa kichwa na sikulijua kwa moyo. Nilimpigia simu Mzee, nikamwomba aje kesho yake tulitazame pamoja. Akasema atakuja.

Kesho yake, kama saa nne asubuhi, nilikuwa nimesimama upande wetu na dereva. Mvua ilikuwa nzito kiasi kwamba daraja lilionekana mpaka katikati tu, kisha likaishia kwenye weupe. Hapakuwa na gari wala mtu. Maji ya kahawia yalipita kasi bila kelele, na ukimya huo nilipaswa kuutilia shaka. Alama nyekundu ilikuwa juu ya maji kiasi cha kiganja.

Ndipo nikasikia sauti ikiita.

"Hooo."

Ilitoka ng'ambo, ndani ya mvua, ya kuvuta. Nilifurahi. Nikasema moyoni, Mzee huyo, amefika. Nikafanya kila kitu alichonifundisha. Sikuitika haraka. Nilienda mpaka kwenye kingo, nikainama, nikaitazama alama nyekundu. Kiganja bado kipo. Nikasimama wima na kuitika kwa sauti yangu yote, ya taratibu, kama mtu aliyetazama kwanza.

"Hooo."

Dereva akaniambia, "Mama, tungemwambia angoje mvua ipungue." Nikamjibu kwamba maji hayajafika kwenye alama.

Punde nikaliona koti la njano likitoka kwenye ule weupe. Alikuwa anatembea katikati ya barabara, bila haraka, kama ilivyo kawaida yake. Alipofika kwenye kipande cha kati aliinua mkono kunisalimu, nami nikainua wangu. Halafu kipande kile kikashuka. Hakikuvunjika kwa kishindo mnavyodhani. Nguzo ya pili iliinama kidogo, kwa adabu, na barabara ikateremka mtoni na Mzee akiwa amesimama juu yake, mkono bado juu. Kisha palikuwa na maji tu na nafasi.

Tulimpata siku ya tatu, chini sana, kwenye mashamba ya mpunga.

Mto ulipopungua tuliona shimo ambalo maji yalilichimba chini ya nguzo ile, kubwa kiasi cha kuingia gari letu, na wataalamu walisema limechimbwa kwa misimu mingi, kidogo kidogo. Tume ilikaa, ikanihoji. Ikaandika kwamba nilifuata taratibu na maji hayakuwa yamefika kwenye alama. Niliisoma ripoti ile nikatamani wangenifukuza kazi. Niliomba kitu kimoja tu, alama zote za mkoa zishushwe na kila nguzo ipimwe kina cha chini yake kila kiangazi, na mnapolalamika kuhusu kamba na jiwe na kuloa, mjue vimetoka hapo. Fungeni mapema. Waacheni madereva wawatukane. Alama ni rangi tu, mimi nimeona.

Kwenye mazishi sikukaa mpaka mwisho. Nilisimama nyuma, nikaondoka kabla ya chakula. Nilikwenda siku ya kumaliza msiba, kwa njia ya kuzunguka, maana daraja halikuwepo. Nilitaka kumwambia mke wake kwa mdomo wangu kwamba ni mimi niliyemwitikia. Nilimwambia. Akanishika mikono, akalia, nami nikalia. Hakunilaumu, na mpaka leo sijaweza kumsamehe kwa hilo.

Nilipotoka nje nilimkuta Mama Salome jikoni, anaosha masufuria na wanawake wenzake. Nikainama kumsaidia. Nikamwambia na yeye pia: Mzee aliita, nikatazama, nikaitika, nikamuua.

Mama Salome akaacha kusugua.

"Aliita saa ngapi?"

"Asubuhi ile, Mama. Alipofika darajani. Nilimsikia."

"Dada fundi, Mzee alikuwa bandani kwangu. Alikuwa na kikombe mkononi, anangoja mvua ipungue ndipo aite." Alikuwa ananiangalia usoni kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia. "Tulisikia ile sauti ya daraja ikiita kutoka kule chini, kwenye maji. Tukanyamaza wote, kwa miaka yote ile haijawahi kuita, ilikuwa inaitika tu. Halafu tukakusikia wewe unaitika. Mzee akaweka kikombe, akasema, huyo ni binti yangu, akiitika ametazama. Akaenda."

Wale wanawake wengine walikuwa wameacha kuosha.

"Yeye hakuita," Mama Salome akasema. "Sasa wewe ulimruhusu nani avuke?"